Jioni za Baridi, Kalamu na Sinema ya Padre Aliyenyamaza

Wenzetu wa Ulaya huuita mwezi wa Agosti mwisho wa majira ya joto. Huku Nainokanoka, karibu na mlima Olmoti, mambo ni kinyume. Ukungu hulala juu ya nyasi hata saa nne za asubuhi, na atokaye nje bila blanketi hurudi mbio. Lakini kwa mtu apendaye kutunga hadithi, hii ndiyo miezi mizuri. Ng'ombe wakisha kuingia bomani, kila mtu yu karibu na moto wake, wala hakuna wa kukuita.

Mimi ni karani wa parokia. Katika chuo cha ualimu nilijifunza kutunga michezo ya watoto wa shule, na ugonjwa huo haujanitoka mpaka leo. Mwaka huu naandika hadithi ya wizi wa ng'ombe. Nikichoka, na kama jua la mchana lilitosha kujaza betri ya sola, hutazama katika kompyuta yangu kuukuu sinema za zamani za wasiwasi, ambazo kijana mmoja wa Karatu hunitilia katika flashi.

Msinicheke. Nyingi zilitengenezwa na Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1899 katika nyumba ya Wakatoliki, akasomeshwa na Wayesuiti, akafa mwaka 1980. Yeye alieleza kwamba kushtuka ni jambo la nukta chache tu. Kungoja ndiko kunakomshika mtu. Nasi twalijua jambo hilo tangu hadithi za bibi zetu. Fisi akiruka ghafula kutoka gizani, mtoto hupiga kelele, basi, imekwisha. Lakini msikilizaji akiambiwa mapema kwamba fisi amekwisha kuingia katika zizi la ndama, kisha akamwona mtoto anakwenda kufungua huku anaimba, hapo hata mzee huacha kunywa chai yake. Muhammed Said Abdulla wa Unguja naye alijua kumngojesha msomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi iliyopigwa chapa mwaka 1960.

Katika sinema za Hitchcock, iliyonishika zaidi ni I Confess ya mwaka 1953, yaani Naungama. Mambo yake yatukia Quebec, nchi ya Kanada. Mtumishi wa nyumba ya mapadre (mwenzangu wa kazi, ole wangu!) amwua mwanasheria mmoja hali amevaa kanzu ya padre, kisha aungama kwa Padre Logan. Polisi wamshuku Padre mwenyewe. Sisi watazamaji twamjua mwuaji tangu mwanzo. Padre naye amjua. Lakini hawezi kusema hata neno moja, ijapokuwa apelekwa mahakamani. Nilikaa nikitaka kumsemea.

Wako waliosema kwamba sinema hiyo haiaminiki, maana mtu gani atanyamaza namna ile? Mkatoliki hasemi hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 983, yakataza kabisa kuvunja siri ya kitubio, na hata mkalimani, akiwapo, amefungwa nayo.

Mimi si padre wala sijawa mkalimani wa maungamo. Lakini aketiye kwenye meza ya parokia husikia mengi. Watu huja kuandikisha ndoa, huulizwa habari za zamani, na wengine hueleza zaidi ya walivyoulizwa. Yako maneno niliyoyasikia hapo ambayo yangeifanya hadithi yangu kuwa bora mara kumi. Mke wangu nilipomsomea kurasa za kwanza alisema, "Baba watoto, hapa katikati pamelegea." Ni kweli, pamelegea, na dawa yake naijua vizuri sana.

Siiandiki. Mtu wa mjini atasema, badilisha jina, mambo yamekwisha. Huku hatujuani kwa majina tu. Twajuana kwa ng'ombe, kwa mashuka, kwa namna mtu akoholeavyo. Ningemwita mzee yule jina la Kichina, na bado kabla ya Jumapili watoto wake wangekwisha kuonyeshwa vidole kisimani. Naye alisema akidhani aongea na ofisi ya Kanisa, si na mtunga hadithi.

Kwa hiyo natafuta dawa nyingine. Nimemweka kijana mchungaji anayemjua mwizi kwa sababu alikula chakula chake siku ya mvua, na sasa baba wa kijana huyo amemwalika mwizi yule yule aje kusaidia kufuata nyayo. Msomaji anajua, kijana anajua, baba hajui. Mke wangu amesikiliza kurasa nne bila kugusa kuni. Bado si nzuri kama ile ningaliyoweza kuandika, hilo nakiri wazi.

Siku tatu sasa ukungu haujaondoka, betri haina kitu, naandika kwa tochi. Daftari limebakiza kurasa sita, na kijana wangu yumo bado katika korongo, mbele ya wanaume wawili. Lori la Karatu likipanda kesho kutwa nitaagiza daftari jingine.