Salamu ya Mtu Atokaye Vitani

Msomaji wangu, kama umepata kupita katika Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, bila shaka umeziona sanamu tatu za shaba zilizosimama juu ya jiwe. Ziliwekwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapitao ni wengi, wasimamao ni haba. Mimi nami nilizipita miaka mingi bila kugeuza shingo, hata siku moja mvua ikanizuia pale, nikatazamana na yule mpagazi wa shaba, na moyo wangu ukanisuta kwa kosa nililolitenda mwaka 1965, nikiwa mtoto wa miaka tisa.

Kijijini kwetu, si mbali na Voi, palikuwa na mtu aliyepigana Burma. Watoto tulimwita Mzee Keya, maana Keya ndilo jina ambalo watu walilipa jeshi la askari wa Kiafrika chini ya Waingereza. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua kubwa, tope na homa ya malaria, ikauingia mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Jioni moja nilimkuta akilima. Sikumwamkia. Nilimwuliza tu, "Uliwaua Wajapani wangapi?"

Akaegemea jembe lake, akanitazama kitambo, kisha akasema kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Nenda ukamsalimie mama yako."

Mama hakunipiga, jambo ambalo lingekuwa nafuu. Aliniketisha, akanieleza siku ile mtu yule aliposhuka katika garimoshi mwaka 1946. Watu walijaa stesheni. Hakuna aliyemwuliza hali. Waliuliza lililomo sandukuni, na vijana walitaka hadithi za maiti. Serikali nayo ilikuwa na salamu yake: ilimtaka achukue tena kipande, kile cheti cha alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, hali askari wa Kizungu walikuwa wakitengewa mashamba katika nyanda za juu. Bibi kizee mmoja tu, wala hakuwa wa ukoo wake, alimtekea maji ya kuoga, akamwekea uji, akamwambia, "Pole na safari, mwanangu." Kisha akanyamaza, akakaa naye mpaka usingizi ulipomchukua. Mwezi mzima, alisema mama, nyumba ya bibi yule ndiyo pekee aliyopenda kuingia.

Huenda utasema, msomaji, kwamba "pole" ni neno dogo mno kwa mtu aliyevushwa bahari kwa ajili ya vita vya wengine. Ni dogo, kweli. Lakini halidai malipo. Swali langu lilidai: lilimtaka anipe mchezo wa jioni kutoka katika jambo alilokuwa akijitahidi kulizika.

Nilipomaliza shule nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema amekwisha sahau; labda alinisitiri tu. Tukaketi. Hapo, bila kuulizwa, akasimulia habari za mvua isiyokatika usiku wala mchana, na za rafiki yake waliyemzika chini ya mti ambao hakuujua jina. Hakutaja Mjapani hata mmoja.

Miaka imepita. Kijana wa jirani yangu alirudi kutoka Somalia, ambako majeshi ya Kenya yaliingia Oktoba 2011. Kituoni watu walimzunguka, simu mikononi, wakimwuliza yale yale. Jioni akapita kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na safari, mwanangu."

Nikamsogezea kiti, nikamimina chai. Baada ya muda akaniuliza kama mvua ilinyesha mwaka huu. Nikamwambia ilinyesha kidogo. Tukakaa tukiwatazama ng'ombe wakirudi.