Posa ya Mgonjwa

Katika miaka ya tisini, hapa mtaani Olympic, Nairobi, na katika vijiji vya Kibera vinavyopakana nasi, mtu aliyepatikana na UKIMWI alihesabiwa miongoni mwa maiti kabla roho yake haijatoka. Maradhi yake hayakutajwa kwa jina, ilisemwa tu kwamba ana mdudu, na jamaa zake, hata wale wenye imani, walimpa uji, blanketi na dua, wala hapana aliyedhani kwamba moyo wake ungali na haja ya mahaba.

Dawa zilipokuja, zikatolewa bila malipo katika zahanati za Madaktari Wasio na Mipaka, majirani ambao tulikwisha kuwachangia jeneza waliinuka wakarejea kwenye biashara zao soko la Toi. Ila fikira zetu hazikuinuka pamoja nao: mgonjwa alikubaliwa kuishi, asikubaliwe kupenda.

Aliyezigeuza fikira zangu ni mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, aliyepata Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kuanzisha jarida la Kwani? mwaka uliofuata, ambaye kwa muda mrefu nilimsoma kwa ajili ya uzuri wa kalamu yake tu. Januari 2014 alitangaza kwamba apenda wanaume wenzake. Mwaka 2015 kiharusi kilimwangusha, kikamnyang'anya ufasaha wa ulimi. Tarehe 1 Desemba 2016 akasema hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Kisha, Mei 2018, akiwa katika unyonge huohuo wa mwili, akatujulisha kwa furaha isiyofichika kwamba amemposa mpenzi wake, mwanamume wa Nigeria, naye ameridhia, na kwamba nia yao ni kufunga ndoa Afrika Kusini mwaka utakaofuata. Kilichonitia taadhima ni kwamba hakungoja apone ndipo apende, wala hakumtaka radhi mtu yeyote.

Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, umri wake miaka 48. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kuzitangua sheria zinazoharamisha mapenzi ya namna yake. Nilihuzunika kwa yote mawili, na huzuni ile ningali nayo.

Wengi mtaani hawairidhii ndoa aliyoikusudia, nami nimejadiliana nao mara nyingi pale stejini. Lakini mjane mmoja wa mtaa wa Ayany, anayemeza dawa zake bila kificho, alipoposwa juzijuzi, sisi wazee tulioitwa hatukuuliza mgonjwa ataolewaje. Kilichotukalisha alasiri nzima ni mahari.