Zawadi ya uzi katika nchi ya joto

Kwetu Mwadingusha, kando ya mto Lufira na ziwa Tshangalele, neno "triko" lina maana mbili. Ni kazi ya kufuma uzi kwa sindano, tena ni ile nguo ya baridi yenyewe. Mgeni anayefika mwezi wa kumi, wakati jua linachoma na mvua bado haijaanguka, anashangaa akiona mama ameketi chini ya mwembe anafuma. Anauliza: "Na hili joto lote, triko ya nini?" Ulizo ni zuri. Sisi tulichelewa kujiuliza, na aliyeteseka ni mtoto mchanga.

Kwanza tueleze kazi hii ilitoka wapi. Mikono ya watu wa huku ilijua uzi tangu zamani, kwa sababu mvuvi ni mtu wa kufuma na kutengeneza nyavu. Sentrali ya umeme ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930. Bwawa lilizuia maji ya Lufira, yakafunika bonde, na ziwa likazaliwa. Tangu hapo samaki wa ziwa hilo wanauzwa mpaka Likasi na Lubumbashi. Lakini kufuma kwa sindano mbili kulikuja kwa njia nyingine, njia ya foyer social. Union Minière ilikuwa imefungua nyumba hizo katika kambi za wafanyakazi wake, na baada ya mwaka 1967, kampuni ilipokuwa mali ya serikali na baadaye kuitwa Gécamines, kazi iliendelea. Humo banamuke na wasichana walifundishwa kushona, kufuma, krushe, kupika, kupiga pasi na usafi wa mtoto.

Mama yetu aliyasoma hayo akiwa msichana, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, jina lililobadilishwa mwaka 1966. Alipoolewa na baba yetu, mfanyakazi wa sentrali, alileta Mwadingusha sindano mbili za chuma ndani ya kikwembe. Kwa sindano hizo tulijifunza sisi. Zilipokuwa hazitoshi, alichukua fimbo za gurudumu la kinga, yaani baiskeli, akazisugua ncha juu ya jiwe mpaka zikawa laini. Alikuwa akisema: "Mwenye mikono haendi kuona muzazi mikono mitupu." Na kweli, kwa kila mtoto aliyezaliwa mtaani, mama alibeba sabuni, sukari kidogo, na kitu alichokifuma mwenyewe.

Basi turudi kwenye kosa letu. Mwezi wa kumi wa mwaka 2008, shemeji yetu, muke wa kaka yetu mvuvi, alizaa mtoto msichana. Sisi tulikuwa tumeanza kufundisha Likasi, tukiwa na diploma mpya ya taasisi ya ualimu, na tulitaka watu waone kwamba mwalimu si mtu wa mikono mitupu. Tulinunua lene nene ya rangi ya waridi, bei yake karibu nusu ya mshahara. Tukafungua karatasi za mama za zamani, tukafuma leyete nzima: triko ya mikono mirefu, suruali, soksi, bone ya kufunga chini ya kidevu, na blanketi. Kazi ilichukua wiki saba. Tulipoifikisha, watu walipiga vigelegele. Mtoto alivalishwa palepale, saa saba mchana.

Kila tulipoenda kusalimia, tulimkuta mtoto yumo ndani ya triko. Tulifurahi sana. Tuliona uso wake mwekundu, tukasema ni afya. Mpaka siku moja, mwezi wa kumi na mbili, kijana mdogo wa jirani, ambaye hajui bado kuficha maneno, alituambia njiani: "Tantine, bakisikia unafika, njo banamuvalishaka ile triko. Ukienda, banamuvula."

Tuliingia nyumbani tukiwa na haya. Tulimwomba shemeji amvue mtoto. Shingo na mgongo vilikuwa vimejaa vipele vya joto. Shemeji aliinamisha kichwa, akasema: "Tantine, ulitumika sana. Ningekuambia namna gani?" Hakuwa na kosa. Alitupa heshima, na heshima hiyo ililipwa na ngozi ya mtoto. Kambo, nyanya wa shemeji, aliyekuwa anachambua sombe pembeni, ndiye aliyetufundisha siku ile. Alisema: "Zawadi unaipimia kwa mwenye kuivaa. Weye ulijipimia mwenyewe."

Tulirudi Likasi tukiwaza. Zile karatasi za mama zilikuwa zimeandikwa kwa mtoto wa Ubelgiji, mahali ambapo theluji inaanguka. Lene inafunga hewa ndani yake, na hewa hiyo iliyofungwa ndiyo inayotunza joto la mwili. Nyuzi nyingi za rangi zinazouzwa sokoni si lene hata kidogo, ni akriliki, kitu cha kiwandani kisichokunywa jasho. Mtoto mchanga hawezi kujifunua wala kusema "ninasikia moto". Kwa hiyo kumfunika kupita kiasi si jambo la kucheka, ni hatari.

Je, tuache kufuma? Hapana. Nchi yetu haina joto mwaka mzima. Katanga ya Juu iko juu ya uwanda wa zaidi ya mita elfu moja, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Halafu pamba iko. Zamani kiwanda cha Filtisaf kule Kalemie kilikuwa kikisokota na kufuma pamba ya nchi hii. Uzi wa pamba unakunywa jasho, unapitisha hewa, unafuliwa mara nyingi. Udhaifu wake ni kwamba hauvutiki kama lene, na ni mzito ukifumwa kwa kubana. Dawa yake ni sindano kubwa kidogo na mkono mwepesi.

Tangu mwaka ule tumejaribu vitu vingi. Hivi vifuatavyo vinakwisha upesi, na tumeona vikitumika kweli, si kuwekwa ndani ya valizi.

Cha kwanza ni kofia ya mtoto mchanga. Hata penye joto, mtoto aliyezaliwa sasa hivi, na zaidi yule aliyezaliwa kabla ya wakati, anapoteza joto la mwili upesi. Ndiyo maana waganga wanashauri akaushwe, alazwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na avikwe kofia. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina duara ya sentimita 35 hivi. Kwa sindano namba 4 na uzi wa pamba wa kadiri, anza na vitanzi 64. Fuma sentimita 3 za ukingo, kitanzi kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili uvutike. Endelea kawaida mpaka sentimita 13, pitisha uzi ndani ya vitanzi vyote, kaza, shona ubavu. Ni kazi ya jioni moja au mbili. Usitie kamba ya shingoni wala kifungo. Siku za kwanza zikipita na joto likizidi, mama aivue, hasa mtoto anapolala.

Cha pili ni kitambaa cha kuogeshea. Vitanzi 45 vya pamba, kwenda na kurudi bila nakshi, mpaka kiwe mraba. Kimoja ni saa chache. Vitatu pamoja na sabuni, vikifungwa ndani ya kikwembe, ni zawadi inayomheshimu muzazi. Akizaa mapasa, fuma sita, rangi mbili, ili kila mtoto awe na vyake.

Cha tatu ni mfuko wa soko. Huu tuliuvumbua kwa wavuvi. Uzi wa nailoni wa nyavu unauzwa kando ya ziwa. Kwa krushe nene unafuma mfuko wenye matundu. Unabeba bilolo, mboga na samaki wa kukauka, maji yanachuruzika, unasuuzwa na kukauka mara moja. Mwanamume naye anaupokea bila haya.

Cha nne ni kifuniko cha gilasi au cha jagi, duara ya krushe yenye shanga ukingoni ili upepo usikipeperushe. Nzi hawaingii ndani ya maji ya mgeni. Zamani tulifunika radio na viti kwa napron. Siku hizi tunaona afadhali kufunika maji ya kunywa.

Cha tano ni shali nyepesi kwa mama mzee anayeamka kwenda misa ya asubuhi mwezi wa saba. Uzi mwembamba na sindano namba 8 vinatoa matundu makubwa, na kazi inaenda mbio. Jua likipanda, anaikunja ndani ya mkoba.

Na leyete ile ya waridi? Hatukuitupa. Shemeji na sisi tuliketi siku mbili, tukaifumua yote, tukaosha lene, tukaikausha ikiwa imefungwa na jiwe ili inyooke. Kaka yetu huingia ziwani usiku, na mwezi wa saba ukungu wa Tshangalele unaingia mpaka ndani ya mifupa. Tulimfumia kizibao na kofia. Wavuvi wenzake walimcheka kwa sababu ya ile rangi ya waridi. Alivaa hata hivyo, miaka mingi. Basi lene haikuwa mbaya. Ilikuwa imekosea mtu na mwezi.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tunaongeza: moyo peke yake hautoshi, macho nayo yatazame. Mama yetu alifariki mwaka 2011. Foyer alizozijua zilidhoofika pamoja na kampuni katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi waliondoka Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Leo nguo zilizovaliwa Ulaya zinafika sokoni kwa bei ndogo kuliko uzi. Mwanafunzi anatuuliza: "Madame, kufuma kuna faida gani?" Hatumdanganyi kwamba atatajirika. Tunamwambia kwamba nguo ya sokoni haimjui mtu, lakini anayefuma analazimika kumfikiri mtu mmoja: kichwa chake, kazi yake, mwezi wake wa kuzaliwa.

Yule mtoto wa 2008 leo ni msichana mkubwa. Likizo iliyopita alituomba sindano za mama yetu. Binamu yake ana mimba, naye anataka kumfumia mtoto kitu. Kabla hatujamwambia neno, aliuliza: "Tantine, atazaliwa mwezi gani?" Tulimpa sindano zote mbili.