Kuku wa Frankenmuth

Mama mwenzangu, ukijaliwa kumtembelea mwanao huko Michigan, Marekani, mwombe akufikishe Frankenmuth. Mji huu ulianzishwa mwaka 1845 na Walutheri kutoka Bavaria, Ujerumani. Usidhani hoteli ya Kijerumani ni kilabu cha pombe tu. Zehnder's na Bavarian Inn, zinazotazamana barabarani, zimejipatia sifa kwa kuku wa kukaanga. Analetwa na tambi, viazi vya kuponda, mkate na kachumbari ya kabichi, kila mtu anajipakulia kama nyumbani. Bia ipo, lakini halazimishwi mtu, na watoto wanakaribishwa. Kama baba watoto ana presha, soseji na kabichi chachu aonje tu. Zina chumvi nyingi. Kuku mvue ngozi, ingawa, kusema kweli, ngozi ndiyo tamu.