Fuso la Baba Neema

Alhamisi, 1 Mei 2025
Mei Mosi. Baridi ya Uyole imeshaanza kuuma. Hotuba ya Rais kule Singida tumeisikiliza redioni: kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Asilimia 35.1! Kundi la walimu halijapoa mpaka simu imezima. Ila mimi si wa kima cha chini. Sisi wa juu tutaongezewa kadiri bajeti itakavyoruhusu. Haya.

Jumamosi, 10 Mei
Baba Neema kaanza tena. Novemba natimiza 55, mlango wa kustaafu kwa hiari unafunguka. "Mama Neema, chukua chako mapema, tununue Fuso. Viazi vya Isongole vinasubiri gari, Dar wanavitafuta." Hata rangi ya bodi ameshaichagua! Nimenyamaza. Nikimjibu nikiwa na hasira tutalala njaa.

Jumapili, 25 Mei
Nimetoka ibadani, nimechukua daftari la Neema. Mshahara wa msingi, tuseme 1,200,000. Posho hazimo, hata senti. Kwa mwaka 14,400,000. Gawa kwa 580 ya kikotoo cha pensheni, zidisha kwa miezi 336 ya utumishi: 8,342,000 na chenji. Mkupuo sasa: mara 12.5, chukua asilimia 40, maana sisi tulitoka mfuko wa zamani wa PSPF. Milioni 41 na laki 7. Halafu laki 4 na elfu 17 kila mwezi.

Fuso likishanunuliwa, ndiyo nitakuwa naishi kwa hiyo laki 4? Na breki zikigoma mlima Kitonga?

Tena hapo ni afadhali. Mwaka 2018 mkupuo ulikuwa asilimia 25, tukapiga kelele, Rais Magufuli akausimamisha Desemba. Ikaja 33 mwaka 2022, ndiyo sasa 40. 

Jumanne, 24 Juni
Staff leo hakuna aliyecheka. Mwenzetu anakaribia kustaafu, michango yake ya pensheni ya miezi kadhaa haisomi. Anahangaika na hati za mshahara za zamani, nyingine zimeliwa na panya. Usiku nimeingia kwenye programu ya mfuko wetu, PSSSF Kiganjani, nimepitia mwezi kwa mwezi. Asilimia 5 yangu ipo, 15 ya mwajiri ipo. Asante Mungu. Hati zangu nimezihamishia kwenye sanduku la bati hata hivyo.

Ijumaa, 25 Julai
Mshahara umeingia. Daraja lile lile, F.

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Pensheni inapigwa kwa wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa. Daraja G likija mwaka wa mwisho, linahesabika theluthi tu. Watu wanapewa daraja kwenye mlango wa kutokea, wanapiga vigelegele, kikotoo kinawaumbua.

Nimepiga hesabu tena. Nikifika 60 ni miezi 396. Nikiwa nimekaa G miaka mitatu kamili, tuseme kwa 1,600,000: mkupuo milioni 65 na nusu, na laki 6 na elfu 55 kila mwezi mpaka nizikwe. Basi G lazima lije kabla ya Novemba 2027. Mserereko wa madaraja kwa waliocheleweshwa utanikuta au hautanikuta, siwezi kukaa nausubiri.

Nimemwambia Baba Neema wakati wa chakula: Fuso lisubiri. Amenuna, ila makande amemaliza.

Barua ya kustaafu kwa hiari siandiki. Jumatatu napeleka barua ya daraja kwa mwalimu mkuu, nakala kwa ofisa elimu.