Lori la Engare Nanyuki

Kwa mwaka mmoja na miezi minne bibi yangu hakuniita "mume wangu". Kama hukukua karibu na bibi pengine utaona ni jambo dogo. Huku kwetu bibi kumwita mjukuu wa kiume mume wake ni utani wa kila siku, na mimi nimekuwa mume wa bibi tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Nikichelewa kwenda kumsalimia alikuwa ananiuliza nimeoa mke gani mwingine huko Dar. Halafu makala yangu ikatoka gazetini, nikawa "mwandishi". "Mwandishi amefika, mpeni kiti." "Mwandishi atakunywa chai?" Adabu tupu, na iliniuma kuliko tusi.

Makala yenyewe ilihusu Engare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka eneo hilo, kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Watu wakaambiwa wahamie King'ori. Wameru wakachangishana pesa, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea kwenye Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Lakini fikiria: miaka tisa kabla ya uhuru, mtu kutoka kwenye migomba ya Meru anaishtaki Uingereza mbele ya dunia nzima. Mimi bado nasisimka nikiandika sentensi hiyo.

Na nilikuwa na bibi aliyekuwa mtoto wa miaka saba siku ile. Mwandishi gani angeacha?

Nilikaa naye mchana mmoja, simu ikirekodi mezani. Alijibu kifupi kifupi. Ndiyo, walihamishwa. Ndiyo, nyumba ilichomwa. Baba yake alikuwa na ng'ombe, wengine walifia njiani. Basi. Nilirudi Dar na dakika 19 za sauti, nyingi zikiwa za kuku na za majirani wanaopita kusalimia, na mhariri akisubiri maneno 1,500. Kwa hiyo nilijaza. Niliandika kwamba alilia akiwa ameshika nguo ya mama yake, akitazama moshi. Hakuwahi kuniambia hivyo. Nilijiambia mtoto wa miaka saba anayeona kwao kunachomwa atafanya nini kingine. Na makala niliianza na meno yake, "ya kahawia kama ardhi aliyonyang'anywa". Nilijivunia sana mstari ule. Maji ya kwetu yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na waliokulia huku wengi wana meno ya rangi hiyo. Ukiwa darasani mjini unajifunza kucheka ukiwa umefunga mdomo. Mimi mwenyewe ninayo, ila picha yangu pale juu ya makala ilikuwa ya mdomo uliofungwa.

Mama mdogo alimsomea makala yote kwa sauti, sebuleni, mbele ya watu. Bibi aliuliza maswali mawili tu. "Nililia wapi?" Na, "Meno yangu yamemkosea nini?"

Wazo la kwenda Momella lilikuwa la mama yangu. Tarehe 26 Disemba, siku ambayo kila mtu yuko nyumbani na nyama ya jana bado ipo, akasema twende tukale ziwani, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ni aibu kidogo: hifadhi iko jirani, barabara ya kwenda Ngare Nanyuki inapita humo humo ndani, tumepishana na twiga maisha yetu yote, lakini kuingia kwa ajili ya kukaa tu na kula ni jambo tuliloliona la wageni. Tulikuwa 11 kwenye Noah mbili. Hotipoti tatu za pilau, kachumbari kwenye ndoo iliyowahi kuwa ya rangi (imeoshwa, msinitazame hivyo), ndizi za kuchemsha, chupa mbili za chai, mikeka, na loshoro ya bibi kwenye dumu, kwa sababu pilau kwake ni chakula cha harusi na hakushibishi.

Mjomba alishika usukani na historia. Kila tukipita pale anasimulia jinsi John Wayne alivyokuja kupiga filamu ya *Hatari!*, na jinsi yule mwigizaji Mjerumani, Hardy Krüger, alivyopapenda akanunua shamba. Filamu ilitoka 1962. Mjomba hajaiona.

Maziwa ya Momella ni kadhaa, na hayafanani rangi. Hili ni la kijani, lile la buluu, jingine karibu la kijivu. Yamekaa kwenye mabonde yaliyoachwa na tope na mawe pale ubavu wa mashariki wa Meru ulipoporomoka, maelfu ya miaka iliyopita. Ukisimama ziwani ukageuka nyuma unaona jinsi mlima ulivyobomoka upande huu, kama chungu kilichopasuka. Maji yake ni ya magadi, ng'ombe hawezi kuyanywa kwa raha, ila flamingo wanayapenda. Siku hiyo walikuwa wamejipanga mbali, mstari wa waridi, watoto wakabishana kama ni ndege au ni mifuko ya plastiki.

Tulitandika mikeka. Nikamshika bibi mkono kumteremsha, akasema, "Asante, mwandishi."

Nitakiri nilikuwa na mpango. Nilidhani akiona maji na mlima, kumbukumbu zitafunguka, na mimi nitakuwepo, safari hii bila simu. Nilisubiri watoto waondoke na mjomba kwenda kutafuta viboko. Nikakaa karibu naye, nikasema kwa ile sauti ya chini tunayoitumia tukitaka mtu aseme, "Bibi, kurudi hapa unajisikiaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mlevi. "Kurudi wapi? Hapa hapakuwa petu. Huku Momella kulikuwa kwa Mjerumani." Akanyoosha mkono kaskazini, kule geti la pili liliko. "Petu ni kule. Nje. Wewe uliyeandika hukujua?"

Nilijua. Nimesoma kitabu cha Japhet na Seaton kilichotoka 1967, nimeona ramani. Ila nilitaka ziwa liwe pale, kwa sababu lilikuwa zuri.

Tukanyamaza. Alikunywa loshoro yake. Kuro mmoja alikuja hadi ukingoni, akatutazama, akaondoka. Halafu bibi akaanza kusema bila kuulizwa, na hakuanza na moshi.

Alianza na lori. Hakuwa amewahi kupanda gari. Waliletewa malori ya kubebea vitu, na watoto wadogo na wazee wakapandishwa juu ya mizigo. Yeye alipewa mbuzi mdogo ampakate. Lori lilipoanza kwenda, upepo ukampiga usoni, miti ikaanza kurudi nyuma, na mbuzi akamtapikia kwenye nguo. "Nilicheka," alisema. "Nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Nilidhani tunakwenda kwenye sherehe."

Mama yake alikuwa anatembea kwa miguu nyuma, pamoja na waliokuwa wanaswaga ng'ombe. Lori lilipowapita, bibi alimpungia mkono huku akicheka.

"Akaniona."

Nikauliza alisema nini.

"Hakusema kitu. Angenipiga ningeshukuru. Amekufa nimeshazaa wote hawa, na ile siku hakuitaja hata mara moja, na mimi sikumwambia kwamba sikuelewa." Akapangusa mdomo kwa ncha ya kitenge. "Sasa wewe unaandika nililia. Kanisani watu wamekuja kunipa pole. Mwinjilisti amenitaja kwenye mahubiri, mtoto aliyelia. Nimekaa pale kwenye benchi nimepokea pole ya machozi ambayo sikuyatoa. Mama yangu angekuwa hai angesikiaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejitetea kwa mwaka mzima kwamba sikudanganya, nilikisia tu. Nimefundisha vijana kwenye chumba cha habari tofauti ya vitu hivyo viwili. Nikasema, "Bibi, nisamehe." Akasema, "Haya," kwa namna ambayo huwezi kujua kama umesamehewa au umefungiwa mlango.

Watoto walirudi wakipiga kelele, wameona masikio ya kiboko, masikio tu. Mama yangu akapakua pilau. Mjomba akaanza John Wayne upya kwa ajili ya mkwe ambaye hakuisikia njiani. Kilimanjaro, iliyokuwa imejificha asubuhi yote, ikatoa kichwa kidogo juu ya mawingu, watu wakasimama na simu zao, kisha ikafunga tena.

Wakati wa kukunja mikeka nilimuuliza kama naweza kuandika alichoniambia. Nilisema nitamsomea kwanza, yeye mwenyewe, kabla ya mtu yeyote. Alifikiri kwa muda mrefu, akiangalia wale ndege.

"Andika lori," alisema. "Na mbuzi. Meno yaache."

Nimemsomea haya jana kwa simu, yote. Sehemu ya meno nilimwambia imebaki, kwa sababu bila hiyo kosa langu linakuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Alinung'unika, akasema basi niandike na yangu. Nimeandika. Alipofika kwa mbuzi alinikatisha kuniambia alikuwa jike, mweusi, na sikio moja lilikuwa jeupe.

Halafu akauliza nakuja lini, na kama yule mke wangu wa Dar ananipikia.

Sina mke Dar.