Njiwa wa Paa la Msikiti Wetu

Kumbukumbu za kikao cha kamati ya msikiti wetu zinaonesha kuwa agenda ya nne ilikuwa "Usafi wa paa na kero ya njiwa", na kwamba azimio lake lilipita bila ya mjumbe hata mmoja kupinga. Nalijua hilo kwa sababu niliyaandika mimi. Ukatibu ni wangu, na sahihi iliyo chini ya barua aliyopelekewa fundi seremala ni yangu pia. Barua ilikuwa na mistari mitatu tu: aje Jumamosi asubuhi, azibe kwa mbao na wavu nafasi zote zilizo baina ya ukuta na bati, kisha alipwe kutoka mfuko wa matengenezo.

Kero yenyewe haikuwa ya kubuni. Njiwa walikuwa wamekithiri. Mzee wetu mwadhini alilazimika kufika nusu saa kabla ya adhana ya alfajiri ili asugue baraza, na safu ya mwisho ilikuwa haisaliwi tena upande wa kushoto. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu yetu kinyesi cha ndege, hata ndege anayeliwa, kimehesabiwa kuwa ni najisi, tofauti na walivyoona wanazuoni wa madhehebu nyingine. Ni kweli kwamba mafakihi wetu wamesamehe kinyesi cha ndege misikitini pale inapokuwa vigumu kukiepuka, maadamu mtu hakukikanyaga kwa kusudi na hapana umajimaji unaokihamisha. Lakini mwambie hayo mzee aliyeinua kipaji chake kutoka kwenye sijda na kukuta kimeganda kitu cheupe! Juu ya hayo, maji ya mvua ya paa hilo ndiyo yanayoingia katika tangi la kutawadhia. Tangi letu ni la lita 5,000, na maji yaliyozidi kulateni, yaani takriban lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kwa hiyo udhu ulikuwa salama. Ila maji yanayofaa kwa udhu si lazima yafae kwa kunywa, na watoto wa madrasa huyanywa.

Fundi alikuja, akapiga misumari, akamaliza kabla ya adhuhuri. Nilipita chini ya paa nikiridhika na unadhifu wa kazi yake.

Siku ya pili, Jumapili baada ya sala ya alasiri, mwanafunzi mmoja wa juzuu amma, mtoto wa miaka tisa, alikuja kusimama mlangoni pa ofisi.

"Asalaam alaykum, ustadhi. Mle juu kuna watoto wanalia."

"Watoto gani?"

"Wa njiwa. Na mama yao anadonoa bati tangu jana."

Nilimwambia arudi darasani. Hilo nalo lazima niliandike, maana lisingekuwemo katika kumbukumbu zozote. Alikwenda hatua tatu, akageuka, akaniuliza kwa adabu kabisa kama yule mwanamke wa paka alikuwa amemfungia paka wake kwa makusudi au alisahau tu.

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini, imepokewa na Bukhari na Muslim, na niliifundisha mwenyewe katika darasa hilo hilo. Nikaenda kuazima ngazi.

Tulipobandua ubao wa kwanza kulikuwa na viota viwili, vijiti vichache tu vilivyotandazwa juu ya kinyesi kikavu, kwani njiwa si mjenzi hodari. Kiota kimoja kilikuwa na mayai mawili, baridi kama mawe. Cha pili kilikuwa na makinda mawili ya wiki mbili hivi, yenye manyoya ya njano yaliyoanza kupukutika. Mmoja alikuwa amekwishakufa. Wa pili alinyanyua kichwa na kufungua mdomo. Tuliondoa ngazi, na hata hatujafika kwenye mti wa mwembe wazazi wake walikuwa wamekwishaingia.

Watoto wa madrasa walikuwa wamejipanga chini wakitazama juu. Hakuna aliyenilaumu. Waliuliza maswali, na katika kila maswali matatu niliweza kujibu moja. Kwa mfano, waliuliza ni kwa nini wazazi hawakuwamo fundi alipoziba. Ilinichukua siku kadhaa za kusoma na kumsikiliza mzee mmoja mfugaji wa mtaani kwetu ndipo nikapata la kuwaeleza, na ninayaandika hapa kwa ajili yao na ndugu zao wengine wanaosoma ukurasa huu na wazazi wao.

Njiwa wetu wa mjini, anayeitwa pia njiwa manga, si tetere wala pugi wala ninga wa porini. Asili yake ni njiwa wa majabalini, aishiye katika kingo za miamba na mapango, na wanadamu wa Mashariki ya Kati walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Ndiyo sababu msikiti unampendeza. Sisi tunaona ukuta, dirisha na ukingo wa paa. Yeye anaona jabali. Hajatuvamia kwa ukorofi, bali amekuta nyumba inayofanana na ya mababu zake.

Dume na jike huoana na kukaa pamoja msimu baada ya msimu, na aghalabu hawaachani ila kwa kifo. Jike hutaga mayai mawili: la kwanza jioni, la pili karibu saa 44 baadaye. Kisha huatamia kwa zamu kwa siku 17 hadi 19, na zamu zao zina nidhamu ya kushangaza. Jike hulala na mayai usiku kucha, na dume hushika nafasi yake tangu katikati ya asubuhi mpaka alasiri. Basi yule aliyekuwa juu ya mayai fundi alipoanza kugonga nyundo alikuwa baba. Aliruka kwa kishindo, na aliporejea akakuta ubao.

Ama makinda yakishatimiza kiasi cha wiki moja na nusu hayahitaji tena kufunikwa mchana kutwa, kwa hiyo wazazi wote wawili hutoka kutafuta chakula. Hivyo ndivyo walivyofungiwa nje pamoja.

Jambo lililowashangaza watoto kuliko yote, nami nikiwa miongoni mwao, ni maziwa. Njiwa huwanyonyesha watoto wake, ikiwa neno hilo linajuzu kwa kiumbe asiye na chuchu. Katika mfuko wa chakula ulio shingoni mwake, utando wa ndani huota na kukatika vipande laini vyenye mafuta na protini nyingi, mfano wa jibini bichi, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kujilisha. Kwa siku za mwanzo halili kitu kingine. Baba naye hutoa maziwa hayo sawasawa na mama. Kichocheo cha mwili kinachoyaleta ni kile kile kinachotia maziwa katika kifua cha mwanamke aliyejifungua, na watafiti wa Marekani waliokipa jina lake la kitaalamu mwaka 1933 walikitambua kwa kuchunguza njiwa. Nilipolisema hili darasani binti mmoja alisema sasa anajua kwa nini Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Ghashiya tumtazame ngamia namna alivyoumbwa. Kwamba hata njiwa, kumbe, bado hatujamtazama. Sikuwa na la kuongeza.

Mengine nitayapitia haraka. Njiwa hunywa kwa kufyonza, mdomo ukiwa majini, wakati ndege wengi huteka tone na kuinua kichwa ili limteremke. Hujua njia ya kwao kutoka mamia ya kilomita, akiongozwa na jua, na nguvu ya sumaku ya ardhi, na harufu, na hata barabara anazoziona chini. Kinda huondoka kiotani akiwa na wiki nne au tano, na mara nyingi mama amekwishataga mayai mengine kabla ya hapo. Hii ndiyo siri ya wao kukithiri.

Uwezo huo wa kurudi nyumbani umeitumikia dola ya Kiislamu. Katika karne ya 12 Sultan Nur al-Din Zengi wa Sham aliweka posta ya njiwa, na baada yake Sultan Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, akaiimarisha kwa minara iliyounganisha Kairo na Damascus. Barua ziliandikwa kwenye karatasi nyembamba mno iliyojulikana kwa jina la karatasi ya ndege, kwa maneno machache ya lazima. Nimewaza kwamba sisi makatibu tungepewa karatasi ya kiasi kile vikao vyetu vingekwisha mapema.

Na kwa kuwa watoto hawaachi kuuliza: je, ni kweli njiwa wawili walitaga mlangoni pa pango la Thawr ili kumficha Mtume, rehema na amani zimshukie? Pango limetajwa katika Surat al-Tawba, aya ya 40, bila ya kutajwa njiwa. Kisa cha njiwa kimo katika vitabu vya sira, lakini wapokezi wake wametiwa ila na wanazuoni wa hadithi, basi tusikisimulie kwa mkazo wa jambo lililothibiti. Lililo wazi zaidi ni hukumu ya njiwa wa Makka. Katika madhehebu yetu, mwenye kumuua njiwa wa Haram inampasa kafara ya mbuzi au kondoo mzima, kwa mujibu wa hukumu zilizopokewa kutoka kwa Masahaba. Mbuzi mzima kwa ndege anayejaa viganjani! Nilisomeshwa mas'ala haya chuoni miaka mingi iliyopita nikayahifadhi kwa ajili ya mtihani.

Sitaki pia kijana akimbilie kufuga bila ya kusikia upande wa pili. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume alimwona mtu akimfuatilia njiwa akamkemea kwa maneno makali, na wanazuoni wameeleza kuwa makusudio ni yule anayepotezwa na mchezo huo: anaacha sala, anacheza kamari ya mashindano, anapanda juu ya mapaa na kuchungulia nyua za jirani. Mwenye kuwafuga kwa manufaa au kwa liwazo, akawalisha na kuwatekelezea haki zao, hana lawama.

Kikao cha pili cha kamati kilikuwa kirefu. Niliomba agenda ya nne ifunguliwe upya, nikasoma mbele ya wajumbe yaliyotokea, nikaanza na barua yangu mwenyewe. Mjumbe mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alisema, "Bwana Katibu, msikiti umejengwa kwa ajili ya wanaosujudu. Au sasa tuwaandikishe njiwa uanachama?" Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyekuwa akitetea uchafu. Kilichobishaniwa ni namna ya kuuondoa.

Tuliafikiana hivi. Paa lizibwe, ila baada ya kinda aliyebaki kuruka, na kila nafasi ikaguliwe kwa tochi kabla ya msumari wa kwanza. Banda lijengwe nyuma ya uwanja, mbali na tangi, kwa mbao zilizobaki. Njiwa watakaohamia humo wapunguzwe kizazi kwa utaratibu unaotumika katika baadhi ya miji ya Ulaya: mayai yanapotagwa yaondolewe yakiwa mabichi na mahali pake yawekwe ya bandia, kwani ukiyachukua bila ya kurudisha chochote jike hutaga mengine upesi. Sheikh wetu alipoulizwa kuhusu mayai yanayoondolewa alijibu kwa ufupi kuwa njiwa ni halali na yai lake ni halali, apewe mwenye njaa. Kinyesi kilichobaki darini tulikilowesha maji kwanza tukiwa tumefunika pua na midomo, kwa sababu vumbi lake likiwa kavu hubeba vimelea vya fangasi vinavyodhuru mapafu. Nawaomba kina mama wanaofagia madari wasilipuuze hili.

Fundi alipokuja mara ya pili nilipanda ngazi mimi kwanza. Hapakuwa na kitu.

Wale wazazi waliofungiwa nje ndio waliokuwa wa kwanza kuingia bandani. Tumekubaliana wao waachwe walee mara moja kabla ya utaratibu wa mayai ya bandia kuwahusu. Yule mtoto wa juzuu amma amepewa daftari, na ndani yake ameandika tarehe ya yai la kwanza na la pili, na saa za zamu za baba na mama, kwa mwandiko ulio safi kuliko wangu. Kwa hesabu yake siku ya kumi na nane itaangukia Alhamisi, ambayo madrasa huwa imefungwa. Ameshaniomba ufunguo wa lango.